Sifa za Mwandishi na Uzito wa Andiko: Mifano Kutoka Ifakara na Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, kilichochapishwa London mwaka 1935, kinabeba majina manne katika ukurasa wake wa mwanzo. Mawili ni ya waandishi wenyewe, A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick; mume alikuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza katika bonde la Kilombero. La tatu ni la Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, aliyechangia sura moja. La nne ni la L. H. Dudley Buxton, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyeandika dibaji. Kabla msomaji hajafika kwenye sentensi ya kwanza ya sura ya kwanza, amekwisha kupewa sababu tatu za kuamini yatakayofuata: serikali inawatambua waandishi, chuo kikuu kinawatambua, na mwenye nchi naye ametia mkono.

Makala haya yanakusudia kuchunguza sababu za namna hiyo zina uzito gani, na kama uzito huo ni mmoja kwa kila aina ya andiko. Swali hili si la anasa. Katika vyuo vyetu mwanafunzi anayeandika tasnifu hujifunza mapema kumnukuu mwenye shahada na kumwacha asiye nayo, hata pale ambapo jambo linalojadiliwa ni maana ya neno ambalo bibi yake hulitumia kila siku na mwenye shahada amelisikia mara mbili tu. Kwa upande mwingine, wako watu wanaodai kwamba uzawa peke yake unatosha, na kwamba aliyezaliwa Mang'ula au Mlimba hana haja ya kuonyesha ushahidi wowote anapoandika juu ya Mang'ula au Mlimba. Misimamo hii miwili hupingana kwa kelele nyingi, lakini ina kosa moja la pamoja: yote miwili huuliza mwandishi ni nani kabla ya kuuliza ameandika andiko la namna gani.

2.0 Sifa kama dhamana

Neno sifa linatumika hapa kwa maana inayoeleweka na yeyote aliyewahi kuomba kazi: shahada, wadhifa, uzoefu, uzawa, au kule kuwapo mahali jambo lilipotokea. Mambo haya hayafanani, na yatatenganishwa kadiri mjadala unavyoendelea. Linaloyaunganisha ni kazi yake. Sifa ni dhamana. Humwambia msomaji kwamba, ingawa hawezi kujihakikishia mwenyewe, kuna sababu ya kumwamini msemaji.

Biashara ya mpunga inaonyesha jambo hili vizuri kuliko nadharia yoyote. Mtu anayenunua mpunga Ifakara hutia mkono katika gunia, huchota punje, huzikoboa kwa vidole, huzitafuna na kuzinusa. Muuzaji anaweza kuwa profesa au mtu asiyejua kusoma. Punje zenyewe zinatoa ushahidi. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua mbegu, hali inageuka. Mbegu ya SARO 5, ambayo watafiti huiita TXD 306, haiwezi kutambulika kwa yakini kwa kutafunwa. Mkulima aliyeuziwa mbegu iliyochanganywa hulijua kosa lake baada ya kulima, kupanda, kupalilia na kufukuza ndege msimu mzima akiwa juu ya dungu. Hapo ndipo anapohitaji dhamana: jina la kituo cha utafiti cha Ifakara kilichojulikana kwa muda mrefu kama KATRIN, au neno la bwana shamba anayemfahamu.

Kutokana na mfano huu yanaonekana mambo mawili yanayoamua uzito wa sifa. La kwanza ni uwezo wa msomaji wa kupima maneno ya mwandishi kwa njia zake mwenyewe. Kadiri uwezo huo unavyokua, ndivyo sifa za mwandishi zinavyopungua maana. La pili ni hasara itakayompata msomaji iwapo mwandishi amekosea. Mlaji aliyenunua wali mbaya amepoteza chakula cha siku moja, mwenye mbegu mbaya amepoteza mwaka. Yapo maandishi yaliyo kama mpunga na yapo yaliyo kama mbegu, na msomaji anayeyasoma yote kwa jicho moja huingia hasarani bila kujua.

3.0 Maandishi ya tiba

Ifakara ni mji mdogo wa Afrika ya Mashariki ulioandikwa sana katika majarida ya tiba. Mwanzo wa habari hiyo ni Rudolf Geigy, mwasisi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, aliyefika Ifakara mwaka 1949 na ambaye juhudi zake zilizaa maabara ya utafiti mwaka 1957. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa taasisi inayojulikana leo kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Ni vema kukumbuka kwamba Geigy hakuwa tabibu. Alikuwa mwanazuolojia, na miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia ni papasi wanaoambukiza homa ya vipindi. Alipoandika juu ya maisha ya papasi katika nyufa na vumbi la sakafu za nyumba, sifa zake zilimfaa barabara. Lau angeandika juu ya kipimo cha dawa kwa mtoto mchanga, shahada ile ile isingekuwa dhamana ya chochote. Shahada haimfuati mtu popote anapokwenda kama kivuli chake.

Andiko la tiba ni andiko la aina ya mbegu. Mama wa Idete anayesoma kwamba dawa fulani inafaa hana njia ya kuhakikisha, na hasara ya kosa inamwangukia mtoto wake. Kwa hiyo ni haki kabisa kudai kwamba anayeandika ushauri wa tiba awe na mafunzo yanayotambulika. Hata hivyo mfano wa Idete yenyewe unaonyesha mpaka wa dai hilo.

Katika kijiji hicho kilichoko wilayani Kilombero ilijaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Wakati ule wanasayansi wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa na mashaka na kazi ya Patarroyo. Matokeo ya Idete yalitangazwa katika jarida la The Lancet mwaka 1994: kwa watoto wenye umri wa mwaka 1 hadi 5, chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha kubwa, na furaha hiyo ilitegemea sifa kwa kiasi kisichokuwa kidogo: jarida maarufu, watafiti waliofunzwa vizuri, taasisi yenye jina. Lakini taarifa yenyewe ilieleza waziwazi kwamba mipaka ya makadirio hayo ilianzia sifuri hadi asilimia 52. Msomaji aliyejua kusoma mipaka hiyo aliona kwamba chanjo huenda ikawa inasaidia sana, na huenda haisaidii hata kidogo. Mwaka 1995 jaribio la Gambia kwa watoto wachanga lilitoa asilimia 8 tu. Kisha Idete ikajaribu tena, safari hii kwa watoto wachanga waliopewa SPf66 pamoja na chanjo zao za kawaida, na taarifa ya mwaka 1999 ikatoa makadirio ya asilimia 2. Chanjo ikaachwa.

Yanayostahili kuangaliwa hapa ni mawili. Kwanza, waandishi wa 1994 hawakudanganya wala hawakukosea kwa uzembe. Waliandika walichokiona na mashaka yake. Pili, aliyewasahihisha si mtu mwenye sifa kubwa zaidi yao. Walisahihishwa na jaribio jingine, tena katika kijiji kile kile na kwa mikono ya taasisi ile ile. Katika maandishi ya kisayansi, basi, sifa zina kazi ya bawabu: humruhusu mwandishi kuingia ukumbini ili asikilizwe. Baada ya hapo kazi yake imekwisha, na kinachobaki ni namba. Balaa huanza pale msomaji asiyeweza kusoma namba anapoendelea kumsikiliza bawabu.

4.0 Daktari, mama, na neno degedege

Yako maandishi ambamo sifa mbili hukutana katika sentensi moja, na kila moja ina mamlaka juu ya nusu yake tu. Mfano mwafaka ni neno degedege.

Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili degedege ni hali ya mtoto mdogo anayeshikwa ghafla, akakaza viungo, akapindua macho na kutetemeka. Katika mapokeo ya sehemu nyingi, hasa za pwani, hali hiyo huhusishwa na ndege au shetani mwenye umbo la ndege apitaye usiku. Madaktari nao wanaiona hali hiyo hiyo wodini, na katika nchi yenye malaria nyingi huishuku kwanza malaria kali. Utafiti wa Makemba na wenzake uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi tofauti hii ya uelewa ilivyoathiri mahali mtoto alipopelekwa kwanza, kwa mganga au hospitalini. Saa chache za kuchelewa hapo zina thamani ya uhai.

Tuseme sasa kipeperushi cha afya kimeandikwa na daktari bingwa, nacho kinasema: degedege ni malaria. Sentensi hiyo ina sehemu mbili. Juu ya malaria daktari ana kila sifa inayotakiwa. Juu ya degedege ana sifa gani? Hilo ni neno la Kiswahili, na maana yake imo mikononi mwa wanaolitumia. Mama aliyelea watoto sita Kibaoni analijua kuliko bingwa yeyote, naye akiulizwa ataeleza kwamba degedege ni jina la kile kinachoonekana, si jina la chanzo chake. Kwa kweli tiba yenyewe inamuunga mkono, maana mtoto aweza kushikwa hivyo kwa homa nyinginezo, au kwa uti wa mgongo. Sentensi ya kipeperushi ina makosa ya kisemantiki, na makosa hayo yana madhara ya kitabibu: mama ambaye mtoto wake amepimwa na kukutwa hana malaria anaweza kuhitimisha kwamba, kwa kuwa si malaria, basi ni degedege ile ya ndege, na safari ya kurudi hospitalini ikakoma.

Wanaisimu hawana budi kukiri kwamba kosa hili ni lao pia. Kamusi zetu mara nyingi zimeyafasiri majina ya maradhi kwa kuyalinganisha na istilahi za kigeni, kana kwamba mgonjwa wa Kiswahili na mgonjwa wa vitabu vya tiba wamekatwa kwa kipimo kimoja. Mtunga kamusi anayetaka kulifasiri neno kama hili anahitaji shahada yake kwa ajili ya utaratibu wa kazi, na anamhitaji mama wa Kibaoni kwa ajili ya ukweli.

5.0 Bunilizi, kwa ufupi

Ebrahim Hussein alizaliwa miaka zaidi ya 30 baada ya Vita vya Maji Maji. Tamthilia yake ya Kinjeketile (1969) haikuhitaji awe shahidi wa vita hivyo, naye mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia bali ni mhusika aliyebuniwa. Msomaji wa tamthilia ana kila kitu mkononi: mhusika ama ana uhai ama hana, na hakuna shahada iwezayo kumpa. Huu ni mpunga, si mbegu. Linalosikitisha ni kwamba wako wanafunzi wanaonukuu maneno ya mhusika huyo kama ushahidi wa yaliyosemwa mwaka 1905, na hivyo kumpa mtunzi sifa aliyoikataa yeye mwenyewe.

6.0 Historia, na jina la tatu katika ukurasa

Andiko la historia ndilo lenye matatizo makubwa kuliko yote, kwa sababu msomaji hawezi kurudi mwaka 1905, na kwa sababu hasara ya kosa huwapata watu ambao hawakuulizwa: wazao wa waliotajwa.

Katika bonde la Kilombero na nyanda za Mahenge vita vile havikuwaunganisha watu wote. Wapogoro na Wambunga waliinuka, na tarehe 30 Agosti 1905 boma la Mahenge lilishambuliwa. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani. Aliyeandika mapema juu ya vita hivyo kwa mamlaka ya wadhifa ni Gavana von Götzen, katika kitabu chake cha mwaka 1909. Wadhifa wake ulimpa mambo ambayo mtu mwingine hakuwa nayo: taarifa za maofisa wake, tarehe, hesabu za askari na risasi. Katika mambo hayo ni vigumu kumwepuka. Lakini wadhifa huo huo ulimfanya kuwa mshitakiwa katika kesi anayoisimulia, kwani ni chini ya utawala wake nchi iliwaka. Sifa iliyomwezesha kujua ndiyo pia iliyompa sababu ya kuficha.

Akina Culwick walikuwa katika hali iliyo karibu na hiyo, ingawa hawakuwa na damu mikononi. Walikaa, waliuliza, walitazama. Mambo wanayoyaeleza yaliyoonekana kwa macho, kama vile kilimo na uvuvi, yanaweza kupimwa hata leo na mzee yeyote wa kando ya mto, na kwa hiyo wadhifa wao hauongezi wala haupunguzi. Maelezo yao juu ya haki ya kutawala ni jambo jingine. Utawala wa Kiingereza ulikwisha kuchukua sera ya kutawala kwa kupitia watawala wa jadi, na ofisa wa utawala anayeandika kwamba ukoo fulani ndio wenye nchi anaandika pia sababu ya kuwapo kwa ofisi yake. Baadaye, mwaka 1963, A. T. Culwick alichapisha kitabu cha siasa kiitwacho Britannia Waives the Rules, kinachoilaumu Uingereza kwa namna ilivyokuwa ikijiondoa Afrika. Miaka aliyoishi miongoni mwa Wabena haikumpa mamlaka yoyote juu ya suala hilo, japo yumkini wapo wasomaji waliodhani kwamba imempa.

Na Mtema Towegale? Hapa mabingwa wa uzawa hupenda kupumua kwa faraja: angalau sauti moja ya ndani. Faraja hiyo ni ya haraka mno. Towegale alikuwa wa ukoo wa Kiwanga, yaani ukoo ambao uamuzi wake wa 1905 ndio ulioubakiza madarakani wakati watawala wengine wa kusini wakinyongwa. Aliandika akiwa mtawala anayetambuliwa na serikali, katika kitabu cha ofisa wa serikali hiyo. Ujuzi wake wa mambo ya Wabena hauna mfano katika kitabu kile, na maslahi yake pia hayana mfano. Mzawa asiye wa ukoo wa kutawala, au mjukuu wa Mmbunga aliyeanguka mbele ya boma la Mahenge, ni mzawa vile vile. Naye hakupewa sura.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi wake kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji. Wengi wa vijana hao walikuwa bado hawajapata shahada ya kwanza. Walichokuwa nacho ni masikio, lugha za nyumbani, na wazee ambao hawangengoja miaka mingine 20. Kwa kipimo cha ukurasa wa mwanzo wa Ubena of the Rivers hawakuwa na sifa ya kuandika chochote. Hata hivyo maandishi yao yamekuwa chemchemi ambayo wenye shahada wameendelea kuichota, kwa sababu ushuhuda una sifa yake ya pekee: msemaji alikuwapo, au alimsikia aliyekuwapo, na mwandishi ameandika kama alivyosikia. Ushuhuda huo haumpi mzee mamlaka ya kueleza kwa nini Berlin iliamua hivi au vile. Unampa mamlaka juu ya kile alichokiona mlangoni kwake, na hilo si dogo.

Kufasiri ushuhuda mwingi unaopingana ni kazi nyingine, na katika kazi hii mafunzo yana maana. Jamie Monson, katika makala yake ya mwaka 1998, alionyesha kwamba misimamo ya watawala wa nyanda za juu za kusini wakati wa vita haieleweki bila kuchunguza miungano na uhasama wao wa tangu miaka ya 1870. Hoja hiyo haikuweza kutolewa na shahidi mmoja, maana kila shahidi alisimama upande mmoja wa uhasama huo. Lakini Monson naye hasomwi kwa sababu ya shahada yake. Anasomwa kwa sababu ameweka ushahidi wake mahali ambapo msomaji mwenye subira anaweza kuufuata na, akitaka, kuubisha.

Kwa mwanga huo sura ya Towegale inaweza kusomwa upya. Mahali anapotaja majina ya vyeo, mipaka ya makazi au taratibu za jamii yake, hakuna mwandishi wa 1935 anayemfikia, na msomaji hana budi kumpendelea dhidi ya wenzake watatu wa ukurasa wa mwanzo. Mahali anapogusa nani alikuwa na haki ya kutawala nani, anapaswa kuketishwa kwenye benchi moja na wazee wa Wambunga na Wapogoro, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kusema.